Jibu la likizo limtaje anayekaimu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo dogo linaloziponza ofisi nyingi za Unguja na Pemba, za serikali na za watu binafsi: lile jibu la baruapepe linalojituma lenyewe mtu akiwa likizo.

Majibu mengi husema tu kwamba mwenyewe hayupo. Hayupo mpaka lini, na kazi yake ameishika nani, hayasemi. Mnunuzi wa mwani anayesubiri karatasi za shehena, au mgeni anayetaka chumba cha Julai, habari hiyo haimfai kitu. Ofisini kila mtu anamjua anayekaimu. Asiyemjua ni huyo aliye nje, na jibu limeandikwa kwa ajili yake. Basi liwe hivi:

"Ahsante kwa barua yako. Nipo likizo kuanzia Jumatatu 13 Aprili na nitarejea kazini Jumatatu 27 Aprili 2026. Mambo ya mizigo yanashughulikiwa na kitengo cha usafirishaji, na malipo yapo kwa uhasibu. Anwani zao ni hizi hapa chini. Barua yako haikupelekwa kwao, kwa hivyo tafadhali waandikie wenyewe."

Sentensi ya mwisho wengi huiacha, nayo ndiyo inayookoa kazi. Bila hiyo, mtu hudhani barua yake imeshafika kwa kaimu, akakaa kungoja wiki mbili. Tena iwekwe anwani ya kitengo badala ya ya mtu, maana kaimu naye huugua.

Wanaoandikiana na wageni waweke tafsiri fupi ya Kiingereza chini yake, na hapo waangalie mambo mawili. Namba ya simu ianze na +255 na ile sifuri ya mwanzo iondolewe, kwani ikiandikwa kama tunavyoipiga hapa, aliye ng'ambo hampati mtu. La pili ni saa. Ofisi inayofunguliwa saa 2 asubuhi, kwa Kiingereza ni saa 8:00. Wapo wanaoandika 2, mgeni akapiga simu saa nane mchana au saa nane usiku.

Sasa mitambo. Kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza alama ya gia, fungua mipangilio yote, na katika ukurasa wa kwanza shuka mpaka karibu na mwisho, utaikuta "Vacation responder". Iwashe, weka siku ya kwanza na ya mwisho, andika kichwa na ujumbe, kisha bonyeza kitufe cha kuhifadhi kilichopo chini kabisa. Wengi hufunga ukurasa bila kukigusa kitufe hicho, kazi yote ikapotea. Kwenye simu mambo ni hayo hayo, unaingia kwenye mipangilio ya akaunti yenyewe.

Gmail huanza kujibu saa sita usiku ya siku ya kwanza na huacha siku ya mwisho inapomalizika. Kwa mfano wangu wa Aprili, siku ya mwisho ni Jumapili tarehe 26. Ukiweka Ijumaa tarehe 24, atakayeandika Jumamosi hapati jibu lolote. Jengine: mtu mmoja hujibiwa mara moja, na akiandika tena hapati jibu la pili mpaka zipite siku nne, isipokuwa ukiwa umeubadilisha ujumbe. Hapa ndipo watu wanapoishutumu Gmail bure: wanajaribu kwa anwani moja, jibu linakuja, wanajaribu tena kwa anwani ile ile, kimya, wanasema imeharibika. Jaribio la pili lifanywe kwa anwani nyengine.

Outlook ya kompyuta inayotumia seva ya Exchange, yaani mtambo wa barua wa Microsoft, ina sehemu hii ndani ya menyu ya File, kwa jina la "Automatic Replies". Ina visanduku viwili, kimoja cha wenzako wa ofisini na kimoja cha watu wa nje. Muda huwekwa kwa saa, na saa sita ya usiku pale ni 12:00 AM. Anayechagua PM, jibu lake huanza adhuhuri. Ukiwa huioni kabisa sehemu hiyo, huenda akaunti yako ni ya POP au IMAP, njia za kupokelea barua zisizopitia Exchange. Hapo itabidi utengeneze kanuni ("rule") yenye kiolezo cha barua, na kanuni hiyo hufanya kazi kompyuta ikiwa imewashwa na Outlook ikiwa wazi. Kwa umeme wetu huu siishauri hata kidogo.

Ofisi ya namna hiyo iweke jibu kwenye seva yenyewe. Hoteli ndogo na kampuni za utalii zenye tovuti zao mara nyingi hutumia cPanel, programu ya kuendeshea tovuti na barua zake, ambayo sehemu yake ya majibu inaitwa "Autoresponders". Kuna kisanduku cha idadi ya saa za kungoja kabla mtu yule yule hajajibiwa tena. Kwa kawaida ni 8. Msiweke sifuri. Sifuri maana yake kila barua ijibiwe, na upande wa pili ukiwa na mtambo uliowekwa vivyo hivyo, mitambo miwili itajibizana usiku kucha. Programu nzuri hutia alama kwenye majibu yake ili mwenzake asijibu, kama yanavyotaka maelekezo ya kiufundi ya mtandao yaitwayo RFC 3834 ya mwaka 2004, lakini zipo zisizotia. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huweka kikomo cha barua zinazotoka kwa saa. Kikomo kikifika, hata barua za kweli hazitoki. Kwa siku kumi na nne za likizo, saa 96 zinatosha.

Tarehe ya kurudi ina tabu yake kwetu. Likizo ya Idd haijulikani mwisho wake mpaka mwezi uandame, ukaahidi Jumatatu ikawa Jumanne. Andikeni "baada ya sikukuu ya Idd", na katika mtambo wekeni siku mbili za ziada kisha mlizime jibu kwa mkono. Hoteli zinazofunga wakati wa masika zitaje tarehe ya kufungua na nani anapokea maombi ya vyumba, kwani wageni wa Julai huuliza Aprili.

Anwani ya pamoja, ile ya mapokezi, isibebe likizo ya mtu mmoja. Ofisi haijafungwa, iweje ijibu kwamba haipo?

Kwenye Gmail na Outlook kuna kisanduku cha kuwajibu waliomo katika orodha yako ya anwani tu. Wanaopokea wageni wapya wasikitie alama, kwa sababu mteja wa mara ya kwanza hayumo kwenye orodha hiyo. Mhasibu na mkurugenzi wakitie. Jibu lao likienda kwa kila mtu linampa tapeli anachokitaka: mkubwa yuko safarini mpaka tarehe kadhaa, na anayelipa ni fulani. Kinachofuata ni barua yenye jina la mkubwa, "nimebanwa na safari, lipa ankara hii leo". Hapana haja ya kutaja Muscat wala Dubai. Watu wa nje inawatosha kujua tarehe na anwani ya kitengo. Yaliyobaki yaandikwe katika kisanduku cha wenzako.

Ukirudi, Gmail huonyesha utepe juu ya barua zako ikiwa jibu bado linatoka, na utepe huo una kitufe cha kulizima. Kwenye cPanel hupati onyo kama hilo, na mwisho wake huwa umewekwa "Never", yaani hauna mwisho, usipoubadilisha. Ndiyo maana zipo ofisi ambazo mpaka Agosti bado zinawaambia watu zimekwenda likizo ya Pasaka.

Fundi wa kompyuta za ofisi,
Mwembeladu, Unguja