Maji ya mvua milangoni mwa magari: matundu yasizibwe

Mhariri,

Msimu wa mvua ukianza, wenye magari wengi hapa Kampala na Entebbe husikia maji yakichezacheza ndani ya mlango kila wanapofunga breki, na hukimbilia kwa fundi wakiamini kuwa mpira wa kioo umechakaa. Naomba nafasi nieleze kwamba mara nyingi kasoro haiko juu kwenye kioo bali chini, na kwamba mtu anaweza kuiondoa mwenyewe uani kwake.

Mlango wa gari haukuundwa kuzuia kila tone. Mpira ulio kando ya kioo hupunguza maji tu. Yanayopenya huteremka kati ya bati la nje na la ndani, kisha hutoka kwa matundu madogo yaliyo katika ukingo wa chini. Yakiziba, mlango hugeuka ndoo. Huku kwetu huziba upesi, kwa kuwa vumbi jekundu la kiangazi hujikusanya humo pamoja na vipande vya majani ya miembe tunayoegesha chini yake, na mvua za Machi zikifika huwa tope.

Linaloniudhi zaidi ni kazi ya baadhi ya gereji za rangi. Gari lililokwaruzwa kidogo hurudi liking'aa, lakini puti na rangi vimepitishwa juu ya matundu hadi hayaonekani. Wako hata wanaoyaziba kwa silikoni makusudi, ati maji yanayorushwa na matairi yasipande ndani! Matokeo yake kutu huanza ndani, kwenye mkunjo wa bati, na mwenye gari haitambui mpaka rangi ivimbe kwa nje, wakati bati limekwisha kuliwa. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, lakini yaliyokuwamo tayari bado tunayaendesha, na hayo ndiyo yanayohitaji uangalizi huu.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Fungua mlango, uiname na upapase ukingo wa chini, ukiinua taratibu mpira wa mlango pale unapoufunika, kwani idadi na mahali pa matundu hutofautiana kwa kila aina ya gari. Tumia utepe wa plastiki wa kufungia nyaya au kijiti laini. Bisibisi hukwaruza rangi na kuikaribisha kutu ileile unayoikimbia. Tope likitoka, funga kioo, umwagie maji safi polepole, na uangalie kama yanachuruzika chini bila kukawia. Kisha uache mlango wazi juani.

Zulia likilowa, hilo ni jambo jingine. Nyuma ya paneli ya mlango kuna nailoni inayozuia maji yasiingie chumbani, na fundi aliyebadilisha spika au mota ya kioo huenda aliichana au hakuibandika tena. Asiyezoea kufungua paneli amrudie fundi huyo.

Ninaloomba kwa wenye gereji za rangi ni dogo: kabla ya kumkabidhi mteja gari, wapitishe upepo wa kompresa katika matundu ya kila mlango, naye mteja asilipe salio mpaka aone maji yaliyomwagwa kiooni yanatoka chini.

Mwenye gari,
Entebbe