Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Roboti za Tiba Vitani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Waganga wa vikosi, mafundi na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali kuja kutufungia mafunzo haya. Asubuhi umeziona roboti zikipanda tuta, zikivuka mtaro na kurudi na machela juu. Yote yalikwenda sawa, kwa sababu uwanja ni wetu, jua linawaka na hakuna anayetuvurugia mawasiliano. Tunaomba dakika chache tukueleze yale ambayo maonesho hayawezi kuonesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu inaanzia kwenye damu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulipitia vifo 4,596 vya wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa vitani kati ya 2001 na 2011. Asilimia 87 walikufa kabla ya kufikishwa kwenye kituo chenye daktari mpasuaji. Kati ya hao, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo huenda yangeponeka, na katika kundi hilo watu 9 kati ya 10 waliuawa na kutokwa damu. Damu ilitoka wapi? Thuluthi mbili ilitoka kwenye kiwiliwili, yaani kifua, tumbo na nyonga. Karibu sehemu moja kati ya tano ilitoka kwapani, shingoni na kinenani. Asilimia 13.5 tu ndiyo iliyotoka kwenye mikono na miguu, ambako mkanda wa kufunga kiungo, toniketi, unafanya kazi.

Ukizisoma hesabu hizo taratibu, utaona roboti inatakiwa kufanya nini. Damu ya mguuni inazuiwa na mkono wa binadamu aliye pale pale, ndani ya dakika chache. Damu ya tumboni haizuiwi na mtu yeyote porini. Inataka kisu cha mpasuaji, basi kinachohitajika ni mwendo. Roboti yenye manufaa ni ile inayofika na vifaa pale ambapo mganga akienda atauawa, kisha ikamtoa majeruhi upesi bila kumwongezea madhara.

Tunalisema hili wazi kwa kuwa watu wengi wakisikia roboti ya tiba hufikiria upasuaji wa mbali. Fikra hiyo ina historia ya heshima. Tarehe 7 Septemba 2001, Profesa Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, mfuko wa nyongo kwa mikono ya roboti. Mawasiliano yalipita kwenye mkongo maalumu, na kuchelewa kwake kulikuwa takribani milisekunde 155. Miaka michache baadaye, Wakala wa Utafiti wa Ulinzi wa Marekani, DARPA, uligharimia mradi wa Trauma Pod, yaani chumba cha upasuaji kinachoendeshwa na roboti, chini ya taasisi ya utafiti ya SRI International. Awamu ya kwanza ilikamilika mwaka 2007 kwa jaribio ambalo mpasuaji aliongoza mtambo kutoka chumba kingine, huku roboti nyingine ikimpa vifaa kama anavyofanya muuguzi wa chumba cha upasuaji. Aliyelala mezani alikuwa sanamu. Tunawavulia kofia waliofanya kazi hiyo. Lakini tangu hapo, mstari wa mbele haujapata chumba cha upasuaji kisicho na watu, na sababu zake zinapimika.

Tuanze na kuchelewa kwa mawimbi. Satelaiti iliyotulia juu ya ikweta iko umbali wa kilomita 35,786. Wimbi likipanda na kushuka limetembea zaidi ya kilomita 71,000, na hata kwa mwendo wa nuru hiyo ni karibu robo ya sekunde. Amri ikienda na picha ikirudi, imeshafika nusu sekunde kabla kompyuta hazijaongeza muda wao. Mpasuaji anakata, na anakiona alichokata nusu sekunde baadaye. Binadamu anajirekebisha kwa kusogeza kidogo, kusubiri, kisha kusogeza tena, na kazi ya dakika 10 inavutika huku damu inamwagika. Satelaiti za chini, zilizo kilomita 550 hivi kutoka ardhini, zinapunguza kuchelewa huko hadi makumi ya milisekunde. Hilo limetusaidia sana kwenye kuendesha. Halijaondoa uvurugaji wa masafa, yaani adui kuingilia mawimbi ya redio kwa makusudi, wala halijaupa mkono wa chuma hisia ya kujua kama unachokigusa ni nyama laini au mfupa.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu dereva. Roboti ikienda kilomita 10 kwa saa inapita karibu mita 2.8 kila sekunde. Picha ikichelewa nusu sekunde, roboti imeshasonga mita 1.4 kabla mwendeshaji hajaliona shimo. Ndiyo maana tunafundishwa kutazama kwanza namba ya kuchelewa iliyo pembeni mwa kioo, kisha ndipo tuchague mwendo. Mwendeshaji anayekimbia kwa sababu picha ni nzuri ataipindua machela.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tukae kidogo kwenye jambo moja dogo: kumpakia majeruhi na kumfunga. Hapa ndipo tumeona makosa mengi kuliko kwenye mitambo yote.

Kwanza, nani anampandisha? Kampuni ya Vecna ya Marekani iliwahi kuunda roboti iliyoitwa BEAR, yenye mikono ya kuinua mtu mzima kutoka chini, na ikabaki kwenye majaribio. Roboti nyingi zilizopo leo ni jukwaa lenye magurudumu au minyororo. Majeruhi anapandishwa na mwenzake, au anajivuta mwenyewe. Kwa hiyo jukwaa linalopita urefu wa goti ni kosa la usanifu: mtu aliyevunjika paja hawezi kulipanda. Tunataka ubavu unaolala chini kama mteremko, kamba ya kuvutia yenye kitanzi kipana cha kupitisha kwapani, na winchi inayovuta polepole, inayosimama mara mwendeshaji akiachia kitufe.

Akishapanda, mikanda ni mitatu: mmoja kifuani chini ya makwapa, wa pili kwenye nyonga, wa tatu juu kidogo ya magoti. Wa kifuani usikazwe hadi kubana pumzi; vidole vinne bapa vipite chini yake. Aliyepoteza fahamu alale ubavu, kwa sababu humo njiani hana mtu wa kumgeuza akitapika, na matapishi yanaua kimya kimya. Chini yake kuwe na godoro la povu. Jukwaa la chuma linanyonya joto la mwili, na mwili ukipoa damu inashindwa kuganda, hata kama hali ya hewa ni ya kawaida tu. Juu afunikwe blanketi la kuhifadhi joto, lakini toniketi ibaki wazi mbele ya kamera, na saa iliyofungwa iandikwe kwa kalamu isiyofutika. Mtikisiko wa njia mbovu unaweza kulegeza kijiti cha kukazia ikiwa hakikuingizwa sawasawa kwenye kishikio chake. Tukiona damu mpya kwenye picha tunamwambia kwa spika, kwa sauti ya utulivu: zungusha tena mpaka ikome. Kama ana fahamu, anafanya mwenyewe. Ndiyo sababu mkono wake mmoja haufungwi kamwe.

Vipimo navyo vinadanganya. Kipima oksijeni cha kidoleni kinanyamaza pale pale tunapokihitaji, kwa kuwa mtu aliyepoteza damu nyingi vidole vyake ni baridi na havina mzunguko. Cha paji la uso au sikioni kinavumilia zaidi. Rada ndogo inayosoma pumzi kwa kuona kifua kinavyopanda na kushuka haiwezi kutenganisha pumzi na mtetemo wa injini. Dawa yake ni kusimama nyuma ya kificho sekunde 15, kuzima mwendo, kusoma, kisha kuendelea. Wakati mwingine kamera inayotazama uso pamoja na swali la "unanisikia?" vinatosha kuliko vihisio vyote.

Tukirudi kwenye mawasiliano, adui mkubwa ni ardhi yenyewe. Antena ya roboti iko karibu na udongo, kwa hiyo mawimbi yanayofika kilomita kadhaa kwa droni iliyo angani yanaweza kukatika ndani ya mita mia chache roboti inaposhuka mtaroni. Tunapandisha droni ya pili kama kituo cha kupokezana, au tunatumia uzi mwembamba wa mkongo, unaopitisha mawasiliano kwa nuru, unaofunguka kutoka kwenye bobini nyuma ya roboti. Uzi hauvurugwi na mtambo wowote wa adui. Unakatwa, hata hivyo, na minyororo ya roboti yenyewe inapogeuka kurudi juu ya njia yake, na kosa hilo ni la dereva. Duara la kugeukia liwe pana, na njia ya kurudi iwe pembeni ya njia ya kwenda.

Je, mawasiliano yakikatika kabisa? Roboti nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimeagizwa kusimama. Kwa roboti tupu, sawa. Kwa iliyobeba mtu, kusimama peupe ni kumwacha mara ya pili. Msimamo wetu ni kwamba kila roboti ya tiba iwe na swichi ya "majeruhi yumo", inayobadilisha agizo hilo: ingoje sekunde 20, kisha ifuate nyuma njia iliyorekodiwa hadi pale mawasiliano yalipokuwa mazuri mara ya mwisho. Na betri igawanywe kwa thuluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Kurudi na mzigo kunakula zaidi, na baridi inapunguza nguvu ya betri za lithiamu. Betri hizo zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0, maana zinaharibika ndani bila kuonesha dalili nje.

Vita vya Ukraine vimelitoa jambo hili maabara na kulitia matopeni. Droni zimefanya eneo la karibu na mstari wa mbele lisipitike kwa gari la wagonjwa, na majeruhi wengine wanasubiri saa nyingi au siku. Roboti ndogo za ardhini zinapeleka maji, dawa na risasi, na zinarudi na watu. Kusubiri huko kunabadilisha tiba yenyewe. Mwongozo wa Marekani wa tiba vitani unataka majeruhi anayetokwa damu nyingi apewe gramu 2 za asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, ndani ya saa 3, na toniketi iangaliwe upya ndani ya saa 2 ili mguu usife. Roboti ikichelewa, saa hizo zinapita mikononi mwa askari asiye mganga. Kwa hiyo safari ya kwanza ya roboti tunaitaka ibebe toniketi mbili, bandeji yenye dawa ya kugandisha damu, vifuniko viwili vya majeraha ya kifua, blanketi, kalamu na redio ambayo mganga atasema nayo akiwa mbali.

Hapo hapo kuna suala la sheria linalotukera. Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za vita, inakitambua kuwa chombo cha tiba kile kilichotengwa kwa kazi hiyo peke yake, kwa kipindi chote kilichopangiwa. Roboti inayokwenda na risasi na kurudi na majeruhi katika safari ile ile haina haki ya kuvaa msalaba mwekundu wala hilali nyekundu. Ikiivaa, inaharibu kinga ya kila mganga anayeitegemea alama hiyo. Kamera zake zikitumika kupeleleza, ni vivyo hivyo. Na Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 unataka majeruhi wote wahudumiwe bila ubaguzi, wa adui akiwemo. Anayetangulia kwenye machela ni yule ambaye jeraha lake linamtaka atangulie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi kwako.

La kwanza, majaribio yote ya kupokea mitambo yafanyike masafa yakiwa yanavurugwa kwa makusudi, usiku na kwenye matope, na mtu halisi juu ya machela akiwa kwenye uwanja salama. Mtambo usiofaulu hapo usinunuliwe.

La pili, kila timu iwe na watu wawili kwenye vioo: mmoja aendeshe, mwingine, awe mganga, amtazame majeruhi tu. Leo tunamtwika mmoja kazi zote mbili, naye akiliangalia shimo hauoni uso.

La tatu ni vipuri. Bajeti inanunua roboti na kusahau minyororo, viunganishi visivyopitisha maji na bobini za uzi. Mtambo mzima unalala wiki kadhaa kwa kukosa kiunganishi kimoja kilichoingia udongo.

La nne, roboti za tiba zitengwe na za mizigo, zisajiliwe hivyo na ziagizwe hivyo.

La tano ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, na halihitaji mtambo wowote. Kila askari afundishwe kujifunga toniketi mwenyewe kwa mkono mmoja, gizani, na kujipandisha kwenye jukwaa akiwa na mguu usiofanya kazi. Afanye hivyo tena na tena mpaka mwili ukumbuke, kwa sababu roboti yetu bora kabisa itamkuta dakika 40 baada ya kujeruhiwa, na damu ya paja haingoji dakika 40.

Tunaomba kuwasilisha.