Kwa mpwa wangu, uliyemwita sili mvivu

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniandikia kwamba hujapata kuona mnyama mvivu kama sili, yule mnyama wa baharini wa Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia, kutwa kucha amejinyoosha juu ya barafu. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaodhani hivyo ni wengi. Kamera humkuta sili akiwa amelala kwa kuwa kazi yake hufanyika chini ya maji, asikoonekana na mtu.

Mtazame sili wa Weddell, mmoja wa aina za sili wa huko. Anawinda chini ya barafu nene, na bado anahitaji hewa kama mimi na wewe. Inambidi awe na tundu la kupumulia, nalo huganda tena na tena. Hulikwangua kwa meno ya mbele mpaka meno yenyewe yasagike, na meno yakiisha, maisha yake nayo yamekaribia mwisho. Nikisoma habari hiyo, neno uvivu linanikwama kooni.

Akizama, anaweza kufika mita 600 na kukaa zaidi ya saa nzima bila kuvuta pumzi. Wala haibebi hewa mapafuni: huitoa kabla ya kushuka, kisha hutegemea oksijeni iliyohifadhiwa kwenye damu na misuli, huku mapigo ya moyo yakipungua sana. Huko chini hutafuta samaki wadogo, ngisi, na mara nyingine samaki wakubwa wenye uzito wa makumi ya kilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwafunga sili hawa kamera, wakawaona wakipuliza mapovu kwenye nyufa za barafu ili kuwafurusha samaki waliojificha. Hiyo ni akili ya mwindaji, mpwa wangu.

Na gizani je? Hapo sharubu hufanya kazi kubwa. Sili waliofunikwa macho katika majaribio waliweza kuufuata mkondo mdogo ulioachwa majini na kitu kilichokwisha pita. Kule Aktiki, upande wa kaskazini kabisa wa dunia, aina nyingine iitwayo sili mwenye ndevu hupapasa sakafu ya bahari kwa sharubu zake, akitafuta kaa, uduvi na kome, ambao huwafyonza nyama yao.

Najua utaniuliza habari za sili chui, yule anayekamata ngwini na kuwapigapiga juu ya maji mpaka wachanike. Ni kweli, hufanya hivyo, na hula hata watoto wa sili wengine. Lakini huyo huyo hula krili kwa wingi, vile viumbe vidogo vinavyofanana na uduvi. Magego yake yana vijino vilivyochongoka. Akifumba kinywa, maji hutoka na krili hubaki. Sili walio wengi kuliko wote Antaktika wana meno ya namna hiyo hiyo, na chakula chao karibu chote ni krili. Hupenda kuwala usiku, krili wanapopanda karibu na uso wa bahari. Ndiyo maana mchana unawakuta wamelala.

Kisha kuna akina mama. Mama wa sili tembo wa kusini hunyonyesha kwa wiki tatu hivi bila kula chochote, akiyeyusha mafuta aliyoyakusanya baharini kwa miezi mingi. Ukimwona amelala pale ufukweni, ujue anamlisha mtoto kwa mwili wake mwenyewe.

Kinachoniuma sasa ni hao krili. Krili wachanga hupitisha majira ya baridi wakila mwani unaoota chini ya barafu ya bahari, kwa hiyo barafu ikipungua, nao huwa hatarini. Juu ya hayo, meli huwavua ili watengenezewe chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta. Mkataba wa kuhifadhi viumbe wa bahari ya Antaktika ulianza kutumika mwaka 1982, na mwaka 2016 wanachama walikubaliana kuihifadhi sehemu kubwa ya Bahari ya Ross. Mapendekezo ya maeneo mengine, ikiwemo Bahari ya Weddell, yamekwama kwa miaka, maana uamuzi hupita pale tu ambapo hakuna mwanachama anayepinga. Kwa maoni yangu, meli hizo zingeanza kuondolewa karibu na Rasi ya Antaktika, ambako sili, ngwini na nyangumi wanagombea krili wale wale.

Ni mimi, shangazi yako.