Barua kutoka Newlyn: yoti ikiingia bandari ya wavuvi

Newlyn, Cornwall
Uingereza

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mkazamjomba na watoto wote. Huku sote wazima, na baridi ndiyo imeanza kulegea.

Nimepata habari kwamba Hamadi kapata ubaharia kwenye yoti, na kwamba safari yao ya kwanza ni kutoka Ufaransa, pwani ya Brittany, kuja hapa Newlyn. Umeniuliza ni mambo gani ya kumwambia. Wewe ni nahodha na bahari unaijua kuliko mimi, ila bandari hii ina maji yake na desturi zake, na yoti ina udhaifu ambao jahazi halina. Nakuandikia wewe, ukimaliza mpe naye asome.

Ajue kwanza anakuja kwa nani. Newlyn ni bandari ya kazi. Boti za sadini hutoka jua likizama, huvua humu humu ghubani, Mount's Bay, na kurudi usiku huo huo kushusha. Za nyavu za kukokota hukaa nje siku kadhaa na kuingia saa yoyote. Barafu inamiminwa, makreti yanapandishwa, mnada unafunguliwa alfajiri. Yoti hupokelewa, lakini nafasi ni chache na mvuvi ndiye wa kwanza. Kila nitakalolisema hapa chini linatokana na hilo.

Karatasi nitazipita haraka. Yoti inayotoka Ufaransa hutuma taarifa ya safari serikalini kwa mtandao, si mapema zaidi ya saa 24 wala si chini ya saa 2 kabla ya kung'oa nanga. Ikiingia maili 12 za maji ya Uingereza inapandisha bendera ya manjano, ile ya Q, na haiishushi mpaka iruhusiwe. Kabla ya ruhusa hakuna anayeshuka gatini, hata kwa kukimbilia mkate. Bendera ya heshima kwa wenyeji ni ile nyekundu ya meli za biashara, yenye ya taifa kwenye pembe. Ya taifa yenyewe siyo. Hupandishwa upande wa kulia wa mlingoti.

Njia ya kuingia kutoka kusini si ngumu mchana. Mwamba wa Low Lee uko magharibi, karibu na Penlee Point, nao umewekewa boya la mashariki: jeusi, manjano, jeusi, na juu yake koni mbili zilizogusana vitako. Usiku humweka mara tatu kila sekunde 10. Maana yake ni moja tu: pita mashariki yake. Ukielekea Penzance, mji wa jirani, kuna Gear Rock, mwamba unaojitokeza maji yakipwa, wenye alama nyeusi na nyekundu na mipira miwili juu. Wanaotoka magharibi wana shughuli zaidi, kwa sababu ya mwamba wa Runnel Stone nje ya rasi ya Gwennap Head. Kilele cha mwamba ule kilikuwa kikionekana maji yakipwa hadi 1923, meli City of Westminster ilipokigonga ikakivunja. Sasa hakionekani, na kwa hiyo ni hatari zaidi. Boya lake ni la kusini: pita kusini.

Kinachowakamata wageni wengi si mwamba, ni mitego ya kaa. Boya la mtego hulala upande mkondo unakoelekea, na kamba yake hushuka kuelekea mkondo unakotoka. Basi pita upande wa chini wa mkondo. Lakini tazama kama nyuma ya boya kubwa kuna kiboya kidogo kinachofuata, maana kati ya viwili hivyo kuna kamba inayoelea juu juu, nayo ndiyo hujizungusha kwenye rafadha, panga la mashine. Maji yakisimama, kamba yote hulegea na kutapakaa kila upande, hapo mpe kila mtego nafasi pana. Ikinasa, zima mashine mara moja. Asijaribu kurudi nyuma ili kuifungua, anaikaza.

Usiku asome taa za wavuvi. Kijani juu ya nyeupe ni chombo kinachokokota nyavu. Nyekundu juu ya nyeupe ni uvuvi mwingine. Wakiwa karibu karibu wanaokokota huongeza taa: nyeupe mbili, wanatupa nyavu, nyeupe juu ya nyekundu, wanazivuta, nyekundu mbili, nyavu zimenasa chini. Boti za kuzungushia nyavu huweza kuwasha taa mbili za manjano zinazopokezana kila sekunde. Na tanga halimpi mtu haki ya njia mbele ya chombo kinachovua. Yeye ndiye anayepisha.

Sasa maji, mjomba, hapa ndipo nataka akae chini na kalamu.

Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hapa maji hujaa mpaka mita 5.6 na kupwa mpaka 0.8, tofauti ni mita 4.8. Maji mafu, yale madogo ya katikati, ni 4.4 na 2.0, tofauti mita 2.4. Bamvua hujaa alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa 5 au saa 6 mchana. Yoti iliyokesha baharini ikitoka Brittany hupenda kufika mchana, yaani saa ile ile ambayo kuna maji machache kuliko yote.

Yoti yao inazama mita 1.8. Tuseme wamepewa mahali ambapo ramani inaonyesha kina cha mita 1, na ramani na jedwali la maji huhesabu kutoka sifuri moja. Maji yakipwa bamvua patakuwa na 1 na 0.8, jumla 1.8. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, unagusa. Na kama kipimahewa kiko juu, tuseme milibari 1033 badala ya 1013, bahari hushuka kama sentimita 20 chini ya jedwali. Hapo yoti imepwelewa, na mkuku wake ni mwembamba kama pezi, haukai kitako kama jahazi. Chombo kinalala ubavu. Aweke akiba ya nusu mita: anahitaji kina cha 2.3, kwa hiyo kimo cha maji kisipungue 1.3. Agawe ile 4.8 mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kila fungu ni sentimita 40. Kutoka 0.8, baada ya saa moja ni 1.2, baada ya saa mbili ni 2.0. Basi asubiri nje mpaka saa ya pili inapokaribia kutimia. Ila hapo amejibu swali la kuingia tu. La kulala bado: kama kina cha mahali hapo hakimtoshi maji yakipwa tena, aombe pengine.

Kosa linalonitisha kuliko yote ni la saa. Majedwali mengi ya maji ya Uingereza huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa isiyobadilika kwa majira, mwaka mzima. Majira ya joto saa za huku ziko mbele kwa saa moja, na za Ufaransa kwa saa mbili. Yoti inayokuja na saa ya Ufaransa ukutani, baharia akasoma jedwali bila kuongeza kitu, atadhani maji yalianza kujaa saa mbili kabla ya ukweli. Akiingia akidhani ni saa ya nne ya kujaa, mita 4.4, kumbe ni saa ya pili, mita 2.0. Amepungukiwa mita 2.4, zaidi ya kimo cha mtu. Saa ya chomboni ibadilishwe kabla ya kufungua jedwali.

Na kwa kuwa wewe unapenda mambo ya vipimo: kwenye gati la kusini, karibu na mnara wa taa, kuna kituo cha kupimia maji. Kuanzia 1 Mei 1915 hadi 30 Aprili 1921 walipima usawa wa bahari hapo kila saa, na wastani uliopatikana ndio sifuri ya vimo vya milima ya bara la Uingereza hadi leo. Kuna msumari wa shaba uliowekwa mita 4.751 juu ya sifuri hiyo. Ramani za bahari hazitumii sifuri hii. Yao iko mita 3.05 chini zaidi. Hamadi asichanganye ramani ya nchi kavu na ya baharini.

Kabla ya kufika mdomoni mwa bandari aite Newlyn Harbour kwenye redio ya VHF, chaneli 12. Aseme jina la chombo, urefu mita 11, kinazama 1.8, na wanakusudia kulala usiku mingapi. Kisha maswali mawili: nilale ubavuni mwa nani, na yeye anatoka saa ngapi? La pili wengi hawaulizi. Wanafungwa nje ya boti ya uvuvi, wanakwenda kula mjini, na saa 9 usiku mwenye boti anataka kutoka.

Kamba na dafrao, yale maputo ya kukinga ubavu, ziwe tayari pande zote mbili kabla ya kuingia, maana watamwelekeza upande asioutarajia. Akifungwa kwenye ukuta wa gati badala ya gati linaloelea, zile mita 4.8 zinarudi. Kamba fupi ndiyo adui. Chukua kamba ya mita 5 iliyonyooka maji yakiwa yamejaa. Yakishuka mita 4.8, kamba ile itahitaji kuwa karibu mita 7; imepungua mita 2, na yoti itaning'inia mpaka kitu king'oke sitahani. Chukua sasa ya mita 15: itahitaji mita 15.75 tu. Sentimita 75 unaweza kuzilegeza tangu mwanzo. Kwa hiyo kamba ya omo iende mbali mbele, ya tezi mbali nyuma, na zile mbili za mshazari ziwe ndefu pia. Dafrao peke yake huchomoka kati ya nguzo za gati. Awe na ubao mrefu wa kuning'iniza nje ya dafrao mbili, ili ubao ndio usugue nguzo. Na ajifunge karibu na ngazi, kwa sababu maji yakipwa hakuna njia nyingine ya kupanda. Vidato vya chini vina mwani, vinateleza.

Nguzo ya gatini ikiwa tayari na kitanzi cha mvuvi, asivishe chake juu yake. Apitishe kitanzi chake kutoka chini, ndani ya kile cha mvuvi, ndipo akivishe kwenye nguzo. Hivyo yeyote anaweza kujifungua bila kugusa kamba ya mwenzake. Ni jambo la sekunde tano, na serahangi wa boti ya jirani ataliona.

Akilala ubavuni mwa boti nyingine, aombe kwanza ruhusa. Afunge omo, tezi na mishazari kwa jirani, halafu apeleke kamba zake mwenyewe mpaka gatini, mbele na nyuma. Asipofanya hivyo uzito wa yoti wote uko juu ya kamba za jirani. Milingoti isilingane, asogee mbele au nyuma kidogo, la sivyo wimbi likiingia mikono ya milingoti itagongana. Kuvuka kwenda gatini apite sitaha ya mbele ya jirani, asikatize penye zana na nyavu, na atembee kwa raba safi.

Usiku abaki mtu chomboni. Boti ya ndani ikitaka kutoka, itoke kuelekea upepo unakokwenda. Kamba ya gatini ya upande upepo unakotoka isifunguliwe, ndiyo inayoishika yoti. Ya upande wa pili ifunguliwe, ipitishwe kuizunguka boti inayotoka na irudishwe gatini. Boti ikichomoka, yoti inavutwa pole pole mpaka ukutani. Wakikosea wakaachia ya upande wa upepo, yoti nzima inageuka kama mlango.

Njia ya katikati na mahali pa boti ya uokoaji paachwe wazi usiku na mchana. Tarehe 19 Desemba 1981, boti ya Penlee, Solomon Browne, ilitoka kwenda kuwaokoa watu 8 wa meli Union Star. Waokoaji 8 wa kujitolea na watu wale wote walikufa. Kituo cha boti hiyo kilikuwa jirani na kijiji cha Mousehole. Tangu 1983 boti ya Penlee hulala hapa Newlyn.

Mwisho, upepo. Ghuba iko wazi kusini na kusini mashariki. Upepo mkali ukitoka huko, wimbi hujipanga mdomoni mwa bandari na asijaribu kuingia. Aamue mapema, bado akiwa nje, aizunguke rasi ya Lizard aende bandari ya Falmouth, kunakoingilika hali yoyote ya hewa. Upepo ukiwa wa magharibi na bandari imejaa, atie nanga Gwavas Lake, nje kidogo ya gati. Penye mita 4 za ramani, maji yakijaa ni 9.6, ongeza mita 1 ya kimo cha omo juu ya maji, zidisha mara nne: mnyororo mita 42 hivi. Penzance wana gati la ndani lenye lango, hufunguliwa saa 2 kabla ya maji kujaa na kufungwa saa 1 baadaye. Akichelewa, ni kungoja maji yajayo.

Mwambie aniandikie tarehe yao mara wakiijua, nimtazamie jedwali la maji la wiki hiyo. Nisalimie wote, na bibi mbusie mkono.

Wasalaam,
Mpwa wako