Barua kwa wanangu mnaouza mtandaoni: mteja anakujua wewe, au anaijua programu?

Wanangu,

Marahaba. Salamu zenu zimenifikia, na manung'uniko yenu pia.

Kwenye kikao kilichopita nilikaa kimya kwa makusudi. Mlikuwa mnabishana vizuri, na mzee akitia neno mapema vijana huacha kusema wanachofikiri. Upande mmoja mlidai intaneti ndiyo iliyowafungulia riziki. Wengine mkajibu kuwa ndiyo inayowamaliza: matangazo yanakula faida, akaunti zinaibwa, na mshindani msiyejua hata alipo anauza kwa bei ambayo ninyi hamwezi kununulia. Wote mlisema kweli. Ila hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi ningeanza nalo: mteja wako anakujua wewe, au anaijua programu aliyokukuta ndani yake?

Nianze na neema, maana mtu akizaliwa akikuta kitu kipo hudhani kilikuwepo siku zote. Intaneti haikujengwa kwa ajili yetu wachuuzi. Uti wa mgongo wake kule Marekani, mtandao ulioitwa NSFNET, uliendeshwa kwa fedha za serikali na kanuni zake hazikuruhusu biashara. Ulizimwa Aprili 1995, kampuni binafsi zikashika nafasi yake. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 30 Aprili 1993, maabara ya sayansi ya CERN ilikuwa imeiachia dunia bure teknolojia ya wavuti, yaani ya kurasa za tovuti, aliyoibuni Tim Berners-Lee, ndiyo maana hadi leo hakuna anayewadai ada ya kutumia teknolojia hiyo mkifungua tovuti. Vizuizi hivyo vilipoondoka, wauzaji hawakungoja. Amazon ilianza kuuza vitabu Julai 1995, na eBay, soko la mnada la mtandaoni, ikafuata Septemba.

Inasimuliwa kuwa kitu cha kwanza kuuzwa eBay kilikuwa kitochi cha leza kilichoharibika. Mwenye tovuti, Pierre Omidyar, alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa ni kibovu. Akajibiwa kwamba ameelewa. Yeye hukusanya vitochi vya leza vibovu. Mimi hicho kisa nakipenda kuliko hotuba yoyote kuhusu uchumi wa kidijitali. Sokoni kwa miguu ungemngoja mnunuzi wa namna hiyo mpaka uzeeke. Intaneti humtafuta mtu mmoja aliyejificha kati ya mamilioni, ikamleta mlangoni kwako. Fundi anayetengeneza kitu ambacho jirani zake wote hawakihitaji anaweza kuishi kwa kazi hiyo, kwa sababu wanaokihitaji wapo, ila hawakai pamoja.

Neema ya pili ni ya gharama. Tangu 2006, Amazon ilipoanza kukodisha nafasi na nguvu za kompyuta zake, biashara ya mtu mmoja huweza kutumia mitambo ya aina ileile inayotumiwa na shirika kubwa, ikalipia kile tu ilichotumia. Zamani ungenunua kwanza seva, kompyuta ya kuendeshea tovuti, kisha uanze kuomba wateja waje. Mengine ya upande huu mnayajua kunizidi, tusipoteze muda.

Nirudi kwenye swali langu. Mwenye ukurasa kwenye jukwaa la mtu mwingine ni mpangaji. Anaweza kupamba chumba apendavyo, lakini ufunguo wa lango hana. Hilo si kosa. Sote tulianza kwa kupanga. Kosa ni kusahau kwamba umepanga.

Mwaka 2001, Borders, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu Marekani, iliona kuuza mtandaoni ni usumbufu na ikaikabidhi Amazon kazi hiyo yote. Mteja aliyefungua tovuti ya Borders alihudumiwa na Amazon. Borders walikuja kufungua tovuti yao wenyewe mwaka 2008, na Februari 2011 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kwa miaka saba mshindani wao ndiye aliyekuwa akijifunza nani anasoma nini, ananunua lini, anarudi baada ya muda gani. Toys "R" Us nao walisaini mkataba wa miaka 10 na Amazon mwaka 2000, wakiamini wao peke yao ndio watakaouza vitu vya kuchezea pale. Kufikia 2004 walikuwa mahakamani wakilalamika kwamba wauzaji wengine wameingizwa. Siwezi kusema mkataba huo ndio uliowaua. Walifilisika 2017 wakiwa na mzigo mkubwa wa madeni. Lakini miaka ile ya kwanza, wakati wengine wanajenga ujuzi wao, wao walikuwa wameukodisha kwa jirani.

Msiseme hayo ni ya wakubwa. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itaweka mbele machapisho ya ndugu na marafiki, na kwamba ya biashara na vyombo vya habari yataonekana kidogo. Kurasa zilizojenga wafuasi kwa miaka ziliamka zikiongea na ukuta, isipokuwa zilipie. Sheria ilibadilishwa na mwenye nyumba, akiwa ndani ya haki yake. Kisha tarehe 4 Oktoba 2021, kosa la mipangilio ya mitambo liliziondoa Facebook, Instagram na WhatsApp hewani kwa takriban saa sita. Mtu aliyekuwa anapokea oda kupitia WhatsApp, anajibu wateja kupitia WhatsApp na kutunza kumbukumbu za madeni ndani ya WhatsApp, siku ile hakuwa na biashara. Ungemuuliza nani anamdai na nani anadaiwa, angekuambia subiri irudi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya kale, na bado sijaona ushauri wa mtandaoni unaoipita. Tumieni majukwaa yote, muuze huko, mcheke huko na wateja. Lakini orodha ya wateja, ya oda na ya madeni iwe na nakala mahali mnapopatawala wenyewe. Muwe na tovuti, hata iwe ya ukurasa mmoja. Na jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, kwa barua pepe yako. Nimeona wengi wakimwachia kila kitu kijana aliyewatengenezea. Siku wamekosana naye, jina limeondoka naye. Hakuiba. Kwenye maandishi lilikuwa lake tangu mwanzo.

Orodha ya wateja nayo ina adabu yake. Namba niliyokupa ili uniletee mzigo sikukupa unitumie matangazo usiku. Tena sasa si adabu tu, ni sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, humfikia hata muuzaji aliye nje ya Ulaya akiwauzia watu walioko huko, na faini yake yaweza kufika asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote. Nchi nyingine nyingi zimetunga sheria za namna hiyo. Chukua taarifa unazozihitaji tu. Usizozihitaji ni mzigo wa kulindwa bila faida.

Sasa wizi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi mnadhani wadukuzi huwatafuta matajiri. Juni 2017 virusi vilivyoitwa NotPetya vilianza kuenea kupitia programu ya hesabu iliyotumika sana Ukraine. Maersk, kampuni ya meli ambayo haikuwa imegombana na mtu, ilijikuta imo. Mwenyekiti wake alieleza baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10, na hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 300. Kilichowaokoa kinachekesha na kuhuzunisha. Kompyuta zinazotunza ramani ya mtandao wao mzima zilikuwa zikinakiliana, kwa hiyo zilipofutwa zilifutika zote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika, virusi havikuifikia. Nakala hiyo ilisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, ikitunzwa kama mboni ya jicho. Wanangu, nakala inayokaa imeunganishwa muda wote na kile inachokinakili haikusaidii siku ya balaa. Chomoeni. Wekeni kando. Na mara mojamoja mjaribu kuifungua, maana nakala isiyofunguka ni pambo.

Ule wizi wa kawaida hauhitaji hata virusi. Unahitaji barua pepe yenye adabu: "Tumebadilisha benki, tafadhali lipeni kwenye akaunti hii mpya." Kati ya 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania alijifanya kampuni ya vifaa vya kompyuta iliyokuwa ikifanya biashara na Google na Facebook, akawatumia ankara za uongo, wakalipa. Jumla ilizidi dola milioni 100. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 Desemba 2019. Ikiwa wale wenye wahandisi wa kila aina walilipa, mhasibu wako mwenye haraka ya Ijumaa jioni atalipa pia. Dawa ni ya kizamani: akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Na sasa kwa kuwa akili mnemba huweza kuiga sauti ya mtu, msitosheke na kupigiwa. Pigeni ninyi.

Nenosiri moja kwa akaunti zote, acheni. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, ule unaodai kitu cha pili baada ya nenosiri. Sitaeleza zaidi, mmeshaambiwa mara nyingi na hamkufanya.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaosema watauza kwa hasara kwanza ili wapate wateja wengi, faida itakuja. Pets.com iliuza bidhaa za wanyama wa kufugwa kwa bei iliyo chini ya gharama, ikaingia soko la hisa Februari 2000, ikafungwa Novemba mwaka huohuo. Mtandao uliwaletea wateja kama ulivyoahidi. Kila mteja alikuja na hasara yake. Kabla ya kulipia tangazo lingine, kaa na kalamu: nimelipa kiasi gani kumpata mteja mmoja, na amebakiza nini baada ya usafiri, makato ya jukwaa na mzigo uliorudishwa? Kijana anayeniambia ana wafuasi wengi huwa namuuliza waliorudi kununua mara ya pili ni wangapi. Wengi hunyamaza, na ukimya huo si wa aibu. Ni kwamba jukwaa halijawahi kuwaonyesha hesabu hiyo, nao hawakuiweka.

Kikao kijacho sitahutubia. Kila mmoja aje na uthibitisho unaoonyesha jina la tovuti yake limesajiliwa kwa nani, kwa barua pepe ya nani, na usajili huo unaisha lini. Atakayekuja bila huo, tutaanza naye.

Mzee wenu