Barua kwa swahiba anayefungua tovuti ya kuchambua vifaa vya kurekodi sauti

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote hapo Tanga. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza hosti ipi (kampuni ya kuhifadhi tovuti) ulipie na maiki ipi uanze kuichambua. Yote nitayajibu, ila kuna jambo linaloyatangulia: kabla hujatoa hata shilingi ya domeni (jina la tovuti), tengeneza kipimo chako. Msomaji akisikiliza maiki uliyoichambua Januari, kisha nyingine uliyoichambua mwaka unaofuata, asikie tofauti ya maiki peke yake. Asisikie tofauti ya chumba, ya umbali, wala ya siku uliyoamka na mafua. Anayezihesabu laki tatu zake kabla ya kuingia Kariakoo anahitaji sauti anazoweza kuzilinganisha mwenyewe, tena kwa maelezo ya Kiswahili.

Anza na maiki ya rejea. Nunua Shure SM58 moja, itunze, na usiiuze kamwe. Inatengenezwa tangu 1966, na iko kwenye kumbi, makanisani na kwa wakodishaji wa vyombo vya muziki, hivyo msomaji anaifahamu sauti yake hata kama jina halijui. Kila maiki mpya utakayoichambua, rekodi SM58 siku hiyo hiyo, uweke vipande viwili pamoja. Angalia tu usiuziwe feki, maana maiki hii inaigwa sana. Halisi ina gramu 298, na mzani wa dijitali wa jikoni unatosha kukuambia. Ndani ya mpini wake mna transfoma. Feki nyingi hazina, ndiyo maana huwa nyepesi.

Kisha andika maneno ya kusoma, yawe yale yale kwa miaka yote. Yatunge kwa kusudi, kwa mfano: «Babu Pembe alipanda pamba na mpunga pale Pemba. Shangazi Siwema anasema chai ya saa sita sasa inachemka. Ng'ombe wa Mngazija amenguruma gizani.» P na B zitaonyesha kama maiki inapigwa na pumzi. S, SH na CH zitaonyesha kama inachoma masikio, maana ukali huo hukaa zaidi kati ya kilohezi 5 na 8 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde, kilohezi ni elfu moja). M, N na NG' zitaonyesha uzito wa kifuani. Ongeza sentensi nyingine za namna hiyo hadi zifike sekunde 30, kisha nyamaza sekunde 15 huku mashine ikiendelea kurekodi. Kimya hicho usikikate. Ndicho kinachosema ukweli kuhusu kelele za maiki na za saundi kadi, yaani kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta.

Umbali pima kwa rula: sentimita 15 kutoka mdomoni hadi kwenye wavu. Ukisogea hadi 10, sauti inapanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3.5 hivi, na maiki zinazosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri unavyozikaribia. Mtu atasoma kwako kwamba maiki fulani «ina joto», kumbe ulikuwa umeinama tu. Funga kamba fupi kwenye stendi, uiguse kwa kidevu kabla ya kila rekodi.

Chumba ndicho kitakachokusumbua kuliko vyote, na hapa nitakaa kidogo. Vyumba vyetu vingi ni vya mita 3 kwa 3, sakafu ya saruji, kuta tupu. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3 mawimbi hujikusanya kwenye hezi 57, kisha 114, kisha 171. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana vinasukuma masafa yale yale, na dari nayo ikiwa mita 3, ni mara tatu. Ile 114 ndiyo mbaya, kwa sababu inaangukia katikati ya sauti ya kawaida ya mwanamume. Utasikia baadhi ya maneno yanavimba. Inavimba zaidi ukutani na katikati kabisa ya chumba, hivyo usiweke maiki hapo. Iweke kwenye robo ya chumba, kama mita 0.75 kutoka ukuta mmoja na mita 0.75 kutoka ukuta wa pili, kisha chora alama sakafuni kwa rangi. Nyuma yako, upande ambao maiki inautazama, simamisha godoro la inchi 6, na lingine ubavuni. Blanketi peke yake hupunguza makali ya juu na kuiacha besi kama ilivyo, na matokeo yake sauti inakuwa nzito na butu. Trei za mayai usihangaike nazo: hazizuii kelele ya nje wala hazimezi besi.

Feni izimwe, friji ichomolewe kwa dakika hizo, na urekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaamka. Ukisikia mvumo wa chini usiokatika, chomoa chaja ya laptopu utumie betri. Ukiisha, ulikuwa unatoka kwenye umeme: masafa yake ni hezi 50, na wenzake 100 na 150.

Kwa Tanga kuna jambo moja zaidi, nalo ni unyevu. Maiki za kondensa (zile nyepesi kuhisi, zinazohitaji umeme) hupata shida hewa ikiwa na maji mengi. Zinatoa sauti ya kupasukapasuka kama mafuta ya moto, au zinafifia. Ukiichambua katika hali hiyo utaandika kwamba ni mbovu, nayo ni nzima. Zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, uzitoe wakati wa kazi tu.

Sasa geni (gain), yaani kiasi ambacho saundi kadi inaikuza sauti ya maiki, mahali ambapo wachambuzi wengi huhukumu kifaa kisichohusika. Chukua Shure SM7B. Inatoa milivolti 1.12 tu kwa paskali moja (kipimo cha msukumo wa sauti), wakati SM58 inatoa 1.85, yaani SM7B iko chini kwa desibeli 4 na nusu. Walioitengeneza wanashauri geni isiyopungua desibeli 60. Saundi kadi ya Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu inafika 56. Ya kizazi cha nne inafika 69. Mtu akiunganisha SM7B kwenye ile ya tatu, akafungua hadi mwisho, akapandisha tena kwenye programu, kisha akaandika «maiki hii ina mchachato», amechambua saundi kadi bila kujua. Kwa hiyo kila ukurasa utaje maiki, saundi kadi, na geni iliyotumika.

Saundi kadi zenyewe zipime hivi. Chukua plagi ya XLR (ile ya maiki yenye pini tatu), chomelea rizista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3. Weka SM58 mbele ya spika inayopiga kelele ya waridi (pink noise, mvumo wa majaribio wenye masafa yote), kwa umbali ule ule na sauti ile ile kila mara, uongeze geni hadi mita ya programu isome desibeli −18. Usiguse tena kitufe. Chomoa maiki, chomeka rizista, rekodi sekunde 30. Kelele utakayoipata ni ya saundi kadi pamoja na ile ndogo ambayo rizista yenyewe haiwezi kuiepuka, na kwa kuwa geni ililinganishwa, namba za kadi mbili zinaweza kuwekwa kwenye jedwali moja.

Kabla ya kuweka vipande mtandaoni, linganisha ukubwa wa sauti. Sikio likipewa vipande viwili vilivyoachana hata kwa desibeli moja, husema chenye sauti kubwa ni «safi zaidi». Lenga tofauti isiyozidi 0.2. Pima kila faili kwa programu ya ffmpeg, kwa amri hii: ffmpeg -i faili.wav -af ebur128 -f null - , usome namba ya LUFS (ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kisha pandisha au shusha kwa kichujio cha volume hadi −20. Usitumie kichujio cha loudnorm kwa mkupuo mmoja. Huwa inabadilisha sauti kidogokidogo ndani ya kipande, na itainua kile kimya chako cha sekunde 15 hadi mtu adhani maiki ina kelele. Na kwa nini −20, wakati podikasti nyingi ziko −16? Kwa sababu sauti ambayo haijabanwa ina vilele virefu; ukiivuta hadi −16 vitapasuka, au itabidi uvibane, na ukivibana umeuchezea ushahidi.

Faili ya WAV (sauti isiyobanwa) ya biti 24 na kilohezi 48, chaneli moja, ni megabaiti 8.64 kwa dakika. MP3 (iliyobanwa) ya kilobiti 128 haifiki 1. Ukurasa wenye vipande sita vya sekunde 45 utakula megabaiti 39 kwa WAV, au 4 na kidogo kwa MP3, na bando la msomaji ni pesa yake. Weka MP3 za kusikiliza papo hapo, WAV ziwe za kupakua kwa anayetaka. Kwenye kichezeshi andika preload="none", la sivyo baadhi ya vivinjari vitaanza kuvuta faili zote kabla hajabonyeza chochote. Hakikisha pia faili ni ya chaneli moja kweli. Maiki iliyorekodiwa kwenye stereo upande wa kushoto tu itasikika sikio moja.

Hosti, basi. Naona utumie Hugo, programu ya kutengeneza tovuti: kurasa zinatengenezwa kwenye kompyuta yako na kupandishwa zikiwa tayari, hakuna hifadhidata ya kuharibika wala programu-jalizi za kusasisha kila wiki. Ukipenda WordPress ni sawa, ila muulize mwenye hosti ukomo wa kupakia faili. PHP, lugha inayoendesha WordPress, isiporekebishwa hukubali megabaiti 2 tu, na WAV ya sekunde 45 ni 6.5. Domeni iandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama fundi ndiye anayekusaidia, maana aliyeandikishwa ndiye mwenye mali. Anwani za kurasa zisibadilike tena. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inasimamia kanuni za maudhui ya mtandaoni, kwa hiyo waulize mapema kama utahitaji leseni, hasa ukikusudia kuweka matangazo.

Juu kabisa ya kila uchambuzi, kabla ya sifa yoyote, sema kifaa kilikotoka: umenunua, umeazima, au umepewa na muuzaji. Bei iandike pamoja na mwezi na mwaka.

Na lugha. «Kipaza sauti» kwa wasomaji wetu ni maiki na pia ni spika, na katika makala ya kurekodi mkanganyiko huo unaweza kumfanya mtu anunue kitu kisicho chake. Chagua «maiki» na «spika», ushike hapo hapo. Andika ukurasa wa istilahi mapema, kila makala iuelekeze.

Usifungue ukiwa na uchambuzi mmoja. Kuwa na SM58, maiki nyingine mbili, saundi kadi moja, na makala mbili za kutatua shida: ya mvumo wa umeme na ya chumba cha mita 3 kwa 3. Hizo mbili ndizo zitakazotafutwa na watu wasiokujua.

Ukisharekodi SM58 kwenye alama yako, nitumie WAV kwa WhatsApp kama dokumenti, usiitume kama sauti, isije ikabanwa njiani. Nitaisikiliza ile sehemu ya kimya kwanza.

Mama mpe shikamoo yangu.

Wasalaam,
Swahiba wako