Waosha ndege waonyeshwe vitundu vya ubavuni

Mhariri,

Sisi wa Mwanza tunawajua wadudu wa ziwani, wanavyopanda kutoka majini kama moshi na kuvamia kila penye taa. Ndege ndogo ikilala nje usiku wa namna hiyo, asubuhi imetapakaa wadudu toka pua hadi mkia, na vijana wa kuosha huitwa haraka abiria wasije wakaikuta hivyo. Mimi ni fundi wa ndege mstaafu. Naomba nafasi niwasemee vijana hao.

Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo kama punje ya mtama. Vinapokea hewa tuli ya nje na kuipeleka kwa mipira myembamba hadi kwenye altimita (kipima kimo cha ndege), kipima mwendo na kipima kasi ya kupanda. Kijana huambiwa tu azibe vitundu maji yasiingie. Anabandika solotepu, anaosha, anaitwa kwingine.

Mwaka 1996 Boeing 757 ya Aeroperú ilianguka baharini nje ya Lima na watu wote 70 wakafa, kwa tepu iliyosahauliwa kwenye vitundu hivyo baada ya ndege kusafishwa. Mimi ya kwangu niliyaona hapa hapa. Rubani alirudi akitetemeka. Yuko juu ya ziwa, altimita imeganda kwenye futi 3,760, zilezile za uwanjani, na kadiri anavyopanda ndivyo mshale wa mwendo unavyoshuka, injini ikivuta vizuri. Alivuta swichi ya hewa ya akiba, ile inayotoka ndani ya kabini, mishale ikaamka. Nilipapasa ubavuni nikakuta tepu angavu, kushoto na kulia.

Na mafundi wenzangu, tuache kupuliza vitundu kwa mdomo au kompresa wakati mipira imeungwa kwenye vipimo. Vidude vya ndani ni vyepesi mno, vinaharibika palepale. Chomoa kwanza nyuma ya dashibodi, ndipo upulize kuelekea nje. Toa maji yaliyotuama sehemu ya chini ya mipira, unganisha, kisha vuta hewa taratibu hadi altimita iongezeke futi 1,000, ufunge na kusubiri dakika moja. Ikipoteza zaidi ya futi 100, tafuta panapovuja. Nimekuta mara nyingi ni kwenye maungio.

Ombi langu kwa viwanja vyote vya kandokando ya ziwa: solotepu ipigwe marufuku. Vitumike vifuniko vyenye utepe mwekundu mrefu, vihesabiwe kabla na baada, na kuosha kuandikwe kwenye kitabu cha kazi, fundi atie saini. Kijana mgeni aguse kitundu kwa kidole chake kabla hajapewa ndoo.

Fundi ndege mstaafu,
Kirumba, Mwanza